Debe Lisinyamaze

Jumatatu, 3 Machi

Tumehamia shambani. Nusu ya Ifakara imehama kama kila msimu. Watu wanafunga milango mjini, wanabeba masufuria na magodoro, wanavuka mto kuja kuishi bondeni kwenye vibanda vya matete mpaka mpunga uvunwe. Cherehani yangu ya Kibaoni nimeifunika kwa kanga kuukuu, kisha nikapakiwa kwenye toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, juu ya magunia kama mzigo mwingine wowote. Sare za shule nilizoahidi watu zitangoja hadi Julai, na mimi nitatukanwa hadi Julai.

Mume wangu Faustin ameichukua simu yangu kwenda kuichaji senta, penye maduka, maana huku hakuna umeme. Kwa hiyo naandika, kwani sina wa kuzungumza naye isipokuwa Digna wa shamba la pili, na Digna simtaki. Ni bibi wa Kipogoro anayenusa ugoro na kupenga kwa kishindo. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba," akasema, akiangalia viatu vyangu. "Wewe ndiye fundi wa nguo? Huku hatushoni, mwanangu. Huku tunapiga kelele."

Binti yetu Careen, wa darasa la pili, amebaki Lipangalala na mama mkwe wangu, Mama Getrude, ili asikose shule. Hiyo nayo ni desturi ya msimu: watoto mjini na bibi zao, wanawake shambani, na wanaume wanazunguka katikati wakijiita wasimamizi.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilitaka kwenda kupakwa. Faustin kasema matope ya huku yananitosha.

Jumapili, 9 Machi

Nimemkumbuka Margareta, anayeuza vitumbua mbele ya kibanda changu cha ushonaji. Siku ya mwisho kabla ya kuhama alikuja jicho limevimba. "Nimejigonga mlangoni," akasema. Milango ya Kibaoni ina hasira sana. Anapigwa Jumamosi, Jumapili anapika pilau, na mwanaume anakula akiwa amenyoosha miguu. Wanawake wa namna hiyo siwaelewi wala sina hamu ya kuwaelewa.

Faustin hajawahi kuninyanyulia mkono. Ana taratibu zake tu. Zamani alipita kambi ya jeshi Chita kwa mwaka mmoja, akatoka na buti, filimbi na neno "ripoti". Buti zilioza, filimbi ilipotea, ripoti bado ipo. Nikienda kisimani natoa ripoti, nikirudi natoa ripoti. Uji ukichelewa anaumwaga chini, tunaanza upya. Nguo ya kuvaa kanisani anaichagua yeye. Watu wanaishi na mengi zaidi ya hayo.

Jumatatu, 24 Machi

Mpunga umeanza kujaza maziwa na kweleakwelea, ndege wadogo wala nafaka, wamefika. Wanakuja wingu zima, wanainama wote pamoja kwenye jaruba la mpunga, na ukizubaa kidogo wamekuachia makapi.

Kazi yangu sasa ni kuamia, yaani kufukuza ndege: kukaa juu ya dungu, yaani kichanja cha miti katikati ya shamba, kuanzia kunapopambazuka mpaka jua linapozama, nikipiga debe na kupayuka. Bonde zima linalia madebe. Kila mwanamke ana mdundo wake, na baada ya siku chache unamjua nani ni nani bila kumwona. Wa Digna ni wa fujo, hauna mwanzo wala mwisho. Wangu ni mitatu, kimya kidogo, kisha mitatu. Digna ananicheka.

"Unapiga hodi kwa ndege? Wakikukaribisha utaingia?"

Lakini kazi hii haitaki mchezo. Ukinyamaza wewe, ndege wanashuka kwako, wakishiba wanahamia kwa jirani. Kunyamaza kwa debe huku ni tusi kubwa kuliko kumtukana mtu mama yake.

Faustin yeye hapandi dungu. Anashinda ng'ambo ya mfereji kwenye kibanda cha rafiki yake Deus wakicheza drafti. Nyasi ni ndefu, hanioni. Ameniambia, "Sina haja ya kukuona. Nikilisikia debe najua ulipo. Likinyamaza, nakuja." Nilidhani anauonea huruma mpunga.

Alhamisi, 27 Machi

Simu imerudi, laini haimo. Eti imeharibika kwa joto. Dada yangu yuko Mahenge, ndiye aliyekuwa ananipigia kila Jumapili. Joto limemchagua yeye.

Kudra amepita leo. Kila Alhamisi huja na toyo inayoendeshwa na kaka yake, Zubeiri, anauza sabuni, chumvi na perege waliokaushwa. Nilitaka kumwomba simu. Faustin alikuwa amesimama pembeni akichagua kiberiti, na alichagua kiberiti kimoja mpaka Kudra akaondoka.

Jumapili, 6 Aprili

Ndege. Mvua. Ndege.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Tumekwenda mjini, na afadhali tusingekwenda. Hapana. Afadhali tumekwenda.

Tulipofika Lipangalala, Careen alikuwa anafagia uwanja. Aliponiona hakukimbia. Aliweka ufagio chini, akasimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nimefagia, nimeosha vyombo, sijacheza." Faustin akasema, "Vizuri." Mama Getrude akatabasamu kwa kuona mtoto aliyelelewa vizuri.

Baadaye nilikuwa namsuka nywele nyuma ya nyumba. Nikavuta kidogo kwa bahati mbaya, macho yake yakajaa maji. Akameza mate, akaniuliza taratibu, "Mama, naomba ruhusa nilie."

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Baba akija huku. Anasema mtu halii ovyo. Nikilia bila ruhusa nasimama juani." Kisha akaongeza, kama anayemtetea, "Lakini hanipigi, mama. Hajawahi kunipiga."

Maneno yangu mwenyewe, kutoka kwenye mdomo wa mtoto wa miaka minane. Yule afande wa mwaka mmoja, asiyeweza kupanda dungu, amepata jeshi la mtu mmoja mwenye urefu wa ufagio.

Baada ya misa nilimfuata Mzee Jeremia, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa suti na pole nyingi. Nikamweleza yote: simu, ripoti, jua. Nikamwambia nafikiria kumchukua mtoto niondoke. Akanishika mkono. "Mama Careen, haya yanabaki kwangu na kwa Mungu."

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Mungu ameitunza siri. Jeremia hakuiweza.

Leo asubuhi amefika shambani na Mama Getrude, wote wawili wamepanda pikipiki moja, amebeba Biblia kwenye mfuko wa plastiki. Akatukalisha mkekani mimi na Faustin. Kisha akayasema. Yote, kwa mpangilio niliompa, kwa sauti ya kusoma somo la kwanza. "Mama Careen analalamika kwamba unamnyima simu. Mama Careen anasema mtoto anasimamishwa juani. Mama Careen ana mawazo ya kuondoka na mtoto." Nilimtazama mdomo ukifunguka na kufumba, sikuamini kama mtu anaweza kuwa mjinga kwa heshima kiasi kile.

Faustin alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaomba radhi vizuri sana. Mama Getrude akasema yeye alimvumilia baba yake Faustin hadi alipomzika, akalisema hilo kwa majivuno, kana kwamba kuna zawadi hutolewa. Jeremia akatushikanisha mikono, akasali, akala jogoo wangu. Alikula paja, akauliza la pili liko wapi.

Wamelala huku kwa sababu ya mvua. Wataondoka kesho. Faustin hajanisemesha neno. Ananitazama na kutabasamu.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitachukua muda. Muda ninao.

Jana asubuhi wageni walipotangulia kwenda kwenye pikipiki, Faustin alirudi ndani kama aliyesahau kofia. Aliniuliza swali moja: "Unakwenda wapi na mtoto wangu?" Kisha akachukua mti wa kupigia debe. Sitaandika alivyofanya. Nitaandika tu kwamba hakuwa amekasirika. Alikuwa mtulivu, akihesabu kwa sauti, na alipomaliza alirudisha mti pale pale ulipokuwa. Akasema, "Ukiondoka, Careen humuoni tena. Mama nimeshamwambia." Akatoka, akafunga mlango kwa kufuli, akawasindikiza mama yake na mzee mjini.

Nililala chini. Nje ndege walikuwa wanakula mpunga wetu, nawasikia. Nilifurahi.

Jua lilipopanda nikasikia matusi yanakuja. Digna. Alianza kunitukana tangu kwenye tuta la jaruba lake, akanitukana njia nzima. "Wewe fundi mvivu! Umelala na mwanaume mpaka saa hizi, ndege wako wote wamehamia kwangu! Utanilipa magunia yangu! Toka!" Akafika mlangoni, akaliona kufuli. Akanyamaza.

Nilikuwa simjui Digna akiwa kimya. Ilinitisha.

"Uko ndani, mwanangu?"

"Nipo, bibi."

"Unaweza kusimama?"

"Sijui."

Akasonya. Kisha nikasikia matete yanachomolewa ukutani, moja moja, na uso wake ukatokea kwenye tundu pamoja na ugoro wake. "Nyumba ya matete, mtu anaifunga kwa kufuli," akasema. "Afande kweli kweli." Akaingia kwa kutambaa, akanigusa mbavu, akanigusa kiganja, akanipa maji. Nikajikuta namwambia, kwa haraka, kwamba ni mara ya kwanza, kwamba hajawahi kunipiga.

Digna alinitazama kwa dharau ambayo sijawahi kutazamwa nayo, nami najua dharau.

"Amekupiga tangu mwezi wa tatu," akasema. "Mkono ndio umefika leo kuungana na wenzake. Unadhani sikuona? Mwanamke mzima anashuka dunguni kukojoa, anapiga mbio kurudi kama anaibiwa. Nikasema huyu haogopi ndege."

"Mbona hukusema?"

"Ungenisikiliza? Na vile viatu vyako?"

Nisingemsikiliza. Alitaka niondoke papo hapo kupitia tundu lile, nikalale kwake, wanawe wanilinde. Nilikataa. Nikamweleza kuhusu Careen na maneno ya Faustin. Akanusa ugoro wake akifikiri, akapenga.

"Basi leo hatuondoki," akasema. "Tunaondoka siku ambayo yeye hajui. Kesho kutwa ni Alhamisi? Kudra anakuja kesho kutwa. Nitasema naye." Akatoka kwa tundu lile lile, akarudisha matete yake vizuri kuliko yalivyokuwa. Faustin aliporudi jioni alikagua kufuli, akaridhika nalo.

Alhamisi, 24 Aprili

Kudra alikuja kwangu na kapu la samaki, akanifuata mpaka chini ya dungu. Digna alikuwa amemsimamisha Faustin mbali, akimdai fidia ya mpunga wake ulioliwa juzi, kwa kelele ambazo hata ndege walihama. Ndani ya kapu, chini ya perege, kulikuwa na simu imeshapigwa.

"Dada Balbina? Mimi naitwa Edna, ni afisa ustawi wa jamii. Dada Kudra amenipigia asubuhi hii, amenieleza. Kama kuna mtu karibu, uliza bei ya samaki."

"Hakuna."

"Haya. Nisikilize. Usimwambie unaondoka. Usimtishie, usimjibu, usimwonyeshe kwamba umebadilika. Siku ya kuondoka ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa hiyo asiijue. Umeumia sana?"

"Nitaishi. Na mtoto?"

"Mtoto na wewe mtaondoka saa ile ile. Wewe ukivuka daraja, sisi tunaingia shuleni kwake, mimi na askari wa kike wa dawati la jinsia. Mwalimu mkuu nitazungumza naye mwenyewe. Bibi yake hatajua mpaka tumemaliza."

"Cheti chake cha kuzaliwa kiko kwenye sanduku la bibi yake."

"Kitatolewa kingine. Usirudi kukifuata. Na usikimbilie kwa dada yako, huko ndiko atakakoanza kukutafuta. Nina mahali. Alhamisi ijayo, dada. Unaweza kukaa wiki moja?"

Nikauliza bei ya samaki. Faustin alikuwa anakuja.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua ya siku mbili. Njia imekatika, toyo haikuja. Nilivaa kanga mbili tangu alfajiri. Nimeivua moja jioni, nikapika.

Jumapili, 4 Mei

Nimekuwa mke wa mfano. Natoa ripoti kabla sijaulizwa. Uji unafika mapema. Nilidhani kumtii mtu unayemdharau ni kazi ngumu; kumbe ni nyepesi kuliko kumtii mtu unayejitahidi kumheshimu. Nilikuwa nachoka zamani, kila siku kumtafutia sababu. Sasa sitafuti.

Jana kaniletea sabuni ya kunukia. Akaniambia hasira ni shetani, machozi yakamlengalenga kabisa, akanishika mkono wenye uvimbe, akaubusu. "Unaona ukinyooka tunavyoishi vizuri?" Nikasema naona. Nilikuwa nawaza kwamba mtu huyu nimemfulia nguo za ndani miaka yote hii, na kwamba Margareta na vitumbua vyake tungeweza kuzungumza mengi, kama nisingekuwa na pua juu.

Ninamwogopa. Hilo nalo niliandike. Namdharau mpaka kwenye kucha, na akikohoa nashtuka.

Jumatano, 7 Mei

Jua siku ya tatu. Njia imekauka. Digna kapita akiniambia kwa sauti ya kawaida kwamba kesho atakuja kunifundisha kupiga debe, maana mdundo wangu unamkera. Faustin alicheka.

Ijumaa, 9 Mei

Nipo. Tupo. Siandiki ni wapi.

Jana Faustin alikunywa uji, akaweka bakuli chini, akaenda kwa Deus kucheza drafti. Nilipanda dungu, nikapiga mitatu, kimya, mitatu. Digna akaja kwa kuinama kati ya mpunga, bibi wa umri ule, akapanda ngazi akiguna, akaninyang'anya mti. Akasikiliza kidogo. Kisha akapiga: mitatu, kimya, mitatu. Ulikuwa mdundo wangu hasa, na ule woga wangu umo.

"Na shamba lako, bibi?" nikamwuliza. Lilikuwa halina mtu. Wingu la ndege lilikuwa tayari linazunguka juu yake, maana kule hakukuwa na debe linalolia.

"Litaliwa."

"Lote?"

"Nimelisha mwanaume mpumbavu mpaka akafa, nitashindwa kulisha ndege asubuhi moja? Shuka, unanichelewesha."

Nilitaka kumshukuru, nikashindwa, nikaanza kulia. Akanipiga teke la bega. Nikashuka.

Kudra na kaka yake walikuwa wananingoja nyuma ya vichaka vya mfereji. Wakanilaza kwenye toyo kati ya makapu ya samaki, wakanifunika gunia usoni. Tulikwenda taratibu, kwa kuwa toyo inayokimbia inaangaliwa na watu. Nyuma nilisikia debe. Mitatu, kimya, mitatu. Lilianza kuwa dogo, nikaliombea lisife.

Karibu na daraja toyo ilisimama. Nikasikia sauti ya kusoma somo la kwanza. Mzee Jeremia, na baiskeli yake, na maswali yake.

"Dada Kudra, habari za kazi? Umembeba nani huyo?"

"Mgonjwa, mzee. Tunawahi hospitali."

"Ooh, pole yake. Tumwombee basi. Ila hiyo miguu, si ya mke wa Faustin hiyo?"

Kudra hakusita hata kidogo. "Njoo umtazame, mzee. Sogea tu. Anaharisha maji tangu usiku, ametapika, magunia yote yameharibika. Nikusaidie kupanda umwombee kwa karibu?"

Nikaguna kwa nguvu zangu zote. Nikasikia baiskeli inarudi nyuma, kengele ikalia yenyewe. "Mungu amponye," akasema kutoka mbali, ndani ya kitambaa cha pua. Tukavuka.

Shuleni, Edna alikuwa tayari ametoka nje ya ofisi na Careen. Edna ni msichana mdogo mwenye miwani, nilitegemea mama wa makamo. Pembeni yake askari wa dawati, Oliva, amevaa gauni la kawaida. Careen alikuwa na begi mgongoni na soksi moja imeshuka. Aliniona kwenye toyo, nimejaa magamba ya samaki, akasimama wima. Mikono ubavuni.

"Mama, baba anajua?"

"Hajui."

Akafikiri. Akaivuta soksi juu. "Basi twende haraka," akasema.

Ijumaa, 16 Mei

Mbavu zinaunga. Hospitali walinitazama vizuri, Oliva alikuwa nami, maelezo yangu yamechukuliwa na kesi imefunguliwa. Careen analala sana.

Edna ameleta habari alizopewa na Kudra. Siku ile, Jeremia alipofika senta alimpigia Faustin mara moja, maana siri inamwasha kama upupu. Akamwambia amemwona mkewe darajani, mgonjwa, kwenye toyo ya samaki. Faustin akamjibu mbele ya Deus na wote: "Acha uongo, mzee. Mke wangu yuko dunguni, debe lake nalisikia hapa." Akaendelea na drafti. Alishinda mchezo ule.

Alikuja kugundua mchana, mkono wa Digna ulipochoka na debe likanyamaza. Alifika na fimbo. Akamkuta bibi kakaa dunguni, miguu inaning'inia, ananusa ugoro wake.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Mimi naamia ndege," Digna kamjibu. "Wake za watu siamii."

Wanawe watatu walikuwa wamesimama chini na miundu. Faustin aliwaamkia vizuri, akaondoka.

Nimeuliza shamba la Digna limeliwa kiasi gani. Edna anasema Kudra hakutaka kusema.

Alhamisi, 12 Juni

Leo niliitwa kituo cha polisi, nikaenda na Edna, kusoma tena maelezo yangu na kutia saini. Faustin alikuwa ameambiwa aje saa nane, baada yangu, tusikutane. Akaja asubuhi, na mjomba wake, na shati limepigwa pasi mistari ikasimama. Nadhani ni Mama Getrude aliyepiga. Mlango ulikuwa wazi. Akaingia.

Hakumtazama Edna, hakumtazama Oliva aliyekuwa mezani na sare zake leo. Alinitazama mimi, kwa utulivu, kama siku ile alipokuja kuchukua kofia.

"Balbina. Simama, twende."

Nimeandika kurasa hizi zote nikimcheka. Kucheza drafti, ripoti, filimbi iliyopotea. Nilidhani nimemmaliza. Lakini alipolisema lile neno magoti yangu yakaanza kunyanyuka yenyewe, kabla sijaamua lolote, na kalamu ikanianguka. Nikashika benchi kwa mikono yote miwili, ule mzima na ule mwingine. Edna aliweka kiganja chake juu ya bega langu, hakunikandamiza, aliweka tu.

"Umesikia nilichosema?" akauliza Faustin.

Oliva ndiye aliyemjibu. Wala hakuinua sauti, alikuwa bado anaandika.

"Bwana, nani kakuruhusu uingie humu? Nenda pale ukutani. Simama."

Akaenda. Akageuka, akabana visigino, mikono ubavuni, kidevu juu, macho mbele, na jasho likianza kulowesha lile shati.

"Ndiyo, afande," akasema.

Mimi nilikuwa bado nimekaa.